Pimbi na Malimbuko ya Njegere

Ngano, ngano!

— Ngano na ije!

Ije tupu au ije imejaa?

— Ije imejaa, tuimenye!

Basi kaeni vizuri, niwamenyee. Lakini kwanza nitataja majina, maana asiyejua jina la kitu huishia kusimulia kitu kingine.

Yuko mnyama mdogo wa kijivu, mkaa miambani, mnene, masikio mafupi, mkia hana. Wengine humwita pelele, wengine wibari. Mimi nitamwita Pimbi, kwa kuwa ndivyo alivyoitwa na bibi yangu aliyenipa ngano hii. Yuko na mwingine, Funo. Huyo ni mwenye pembe fupi na manyoya mekundu, mdogo kuliko mbuzi. Si paa, wala si digidigi. Na mmea wenyewe ni njegere. Msiniambie ni mbaazi. Mbaazi ni mti, hukaa shambani miaka. Njegere hutambaa. Tena si zile njegere za kumenya ukatupa ganda. Ni zile tamu, ziliwazo nzima, ganda na punje pamoja.

Majina ni hayo. Sasa habari yenyewe.

Zamani, zamani za mbali, ambazo hata bibi yangu alizisikia tu, palikuwa na mlima ukiitwa Kwesongo. Ulikuwa mlima wa baridi na ukungu. Juu, kwenye mwamba mkubwa, alikaa Pimbi. Chini ya mwamba huo alikuwa na bustani. Ng'ambo ya wigo wa bustani alikaa Bi Funo, mjane, na mtoto wake mmoja wa kike. Na chini kabisa, njia ya kwenda chemchemi, penye mwamba mdogo, alikaa mama yake Pimbi. Alikuwa amezeeka. Kinywani alikuwa amebakiwa na meno mawili.

Mwaka mmoja alipita Korongo, yule ndege atokaye nchi za mbali kila mwaka. Alikuwa na kiu. Pimbi akampa maji ya kunywa. Korongo akafungua bawa lake, akatoa konzi moja ya punje kavu, zilizokunjamana kama nyuso za wazee.

"Ahsante kwa maji," akasema Korongo. "Nami nakupa hizi. Ni njegere tamu. Nisikilize, nitakuambia mambo matatu."

"Sema, mgeni wangu."

"La kwanza. Ziloweke siku moja, uzipande wakati wa baridi, na kila shina ulichomekee fito, maana njegere haijui kusimama peke yake."

"Naam."

"La pili. Usingoje zikauke kama maharage. Ganda likinona, likang'aa, na ukilivunja likalia ta! basi limefika."

"Naam."

"La tatu, na hili ndilo kubwa. Chuma kila siku. Ukichuma, mmea utazaa tena. Ukiziacha zikomae pale juu, mmea utasema, 'Mimi kazi yangu imekwisha,' nao utakauka."

"Naam, naam," akasema Pimbi.

Korongo akaruka, akaenda zake. Pimbi akabaki na zile punje, akawaza: "La kwanza ni kweli. La pili ni kweli. Hili la tatu ni la mgeni. Tangu lini kitu kikapunguzwa kikaongezeka?"

Akaziloweka. Akazipanda kando ya wigo. Akakata fito, akazichomeka. Ukungu ukaja, manyunyu yakaja. Siku ya nane zikachungulia. Zikatoa vikono vyembamba, vikashika fito, vikapanda. Zikapita kifua cha Pimbi, zikapita kichwa chake. Kisha zikatoa maua meupe, na maua yakaanguka, na pale yalipoanguka pakatokea maganda mabichi, membamba, kama kucha za mtoto.

Pimbi akafurahi mno. Mlima mzima hapakuwa na mwingine mwenye kitu kama hicho. Kila asubuhi alikwenda, akayatazama maganda yake moja moja. Mwisho akayapa majina. Lile nono la katikati akaliita Kibonge. Lile la juu kabisa akaliita Bwana Mkubwa. Lile lililopinda kidogo akaliita Mwendapole. Akayaimbia:

*Kaeni, wanangu, kaeni,*
*mkono usiwafikie.*
*Siku ya baraza ngojeni,*
*mlima wote uwaone.*

Maana baraza la mwaka lilikuwa karibu. Katika baraza hilo, Jumbe Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa kama jembe, alikuwa akitembelea bustani zote. Bustani iliyompendeza, mwenyewe alipewa jina la Mkulima wa Kwesongo, na jina hilo aliitwa nalo mpaka kufa. Pimbi alilitaka jina hilo kuliko alivyotaka chakula.

Sasa, sikilizeni vizuri hapa. Juu ya Kwesongo palikuwa na desturi. Mazao ya kwanza ya bustani yoyote yaliitwa malimbuko. Malimbuko hayaliwi na aliyelima. Aliyelima huyachuma kwa mkono wake, huyatia kikapuni, huyachukua mchana kweupe mpaka kwa mzazi wake aliye hai. Mzazi akishatafuna, ndipo bustani imefunguliwa, na mwenyewe naye aweza kula. Mzazi asiyeletewa malimbuko ni kama mzazi aliyekwisha zikwa.

Bi Funo alikuwa akipita kila asubuhi kwenda chemchemini. Asubuhi ya kwanza akasimama wigoni.

"Hodi, jirani."

"Karibu, Bi Funo. Umeziona njegere zangu?"

"Nimeziona, zimependeza. Zimenona. Malimbuko ya mama unayapeleka lini?"

Pimbi akacheka. "Mama ana meno mawili. Njegere atazitafunia wapi?"

Bi Funo akaenda zake. Asubuhi ya pili akasimama tena.

"Jirani, mama yako ameniuliza. Anasema upepo umemletea harufu ya maua, na sasa harufu imekatika. Anajua maganda yameshatoka."

"Bi Funo, wewe hujui mambo," akasema Pimbi. "Malimbuko ni ya mahindi. Malimbuko ni ya maharage. Malimbuko ni ya kunde. Njegere ni mgeni. Desturi haikuitaja njegere."

Bi Funo akaenda zake. Asubuhi ya tatu akasimama mara ya tatu.

"Jirani, nisamehe, nakusumbua. Lakini jana mama kaniambia hivi: 'Bi Funo, ama desturi imekufa, ama nimekufa mimi nami sijaambiwa.' Mpelekee japo tatu."

"Nikichuma tatu, wigo utaonekana na kidonda!" akasema Pimbi kwa ukali. "Jumbe aje akute kidonda? Baraza likipita, mama atakula mpaka ashibe. Kwani ana safari?"

Bi Funo akauinua mtungi wake. Alimtazama tu, kisha akashika njia.

Kesho yake Pimbi alishuka bustanini akiimba. Akaimba, *Kaeni, wanangu, kaeni*, akafika katikati ya wigo, akanyamaza. Kibonge hayupo. Pale alipokuwa amening'inia pamebaki kikonyo kitupu, kimekatwa vizuri.

Siku ya pili Mwendapole hayupo.

Siku ya tatu, juu kabisa, pale ambapo hata Pimbi mwenyewe hafiki mpaka apande jiwe, Bwana Mkubwa naye hayupo.

Pimbi alikaa chini akashika kichwa. Majani ya upande wake yalikuwa yameanza kuwa manjano, na maganda ya upande wake yalikuwa yameanza kuwa magumu, lakini hayo hakuyaona. Mwenye kutafuta mwizi haoni kitu kingine.

Akaenda kwa Kima. Kima alikuwa hana bustani, hana kazi, lakini macho alikuwa nayo.

"Kima, nilindie njegere."

"Utanipa nini, bwana mkubwa?"

"Nitakupa shukrani."

"Shukrani haipikiki," akasema Kima. "Haidhuru. Nitalinda. Mimi napenda kuona mtu akikamatwa. Kwangu hiyo ni karamu."

Kima akapanda mti, akatulia. Asubuhi, ukungu ulipoanza kupanda, akaona pua nyekundu ikipenya katikati ya fito. Ikanusa. Ikachagua. Ikakata ganda moja, na la pili, na la tatu, ikayaweka juu ya jani la mgomba. Kima akatazama vizuri. Kisha akateremka mbio, akiruka na kupiga kofi mapaja yake.

"Bwana mkubwa! Bwana mkubwa! Ni jirani yako! Ni Bi Funo, yule mpole! Kumbe upole wote ule ulikuwa njaa!"

Pimbi hakungoja. Alipanda juu ya mwamba wake mkubwa, mahali ambapo sauti huenda mpaka ng'ambo ya bonde, akaita kwa nguvu zake zote:

"Mwizi! Mwizi! Bi Funo ni mwizi!"

Akaita mara tatu. Bonde likaitikia mara tatu. Waliokuwa wakipalilia wakasimama. Waliokuwa wakiteka maji wakatua mitungi. Na mtoto wa Bi Funo, aliyekuwa akicheza na wenziwe kwenye majani, aliwaona wenziwe wakisogea nyuma, mmoja mmoja, mpaka akabaki peke yake.

Baraza la hukumu likakusanyika siku ileile. Sheria ya Kwesongo ilikuwa fupi: mwizi wa bustani huvushwa mto, yeye na watoto wake, harudi tena. Jumbe Hondohondo akatua juu ya gogo, akapangusa mdomo wake, akasema:

"Bi Funo, nakuuliza mbele ya wote. Ulichuma njegere za Bwana Pimbi?"

"Nilichuma, Jumbe."

Watu wakaguna.

"Ulizila?"

"Sikuzila, Jumbe. Hata sijui ladha yake."

"Ulimpa nani?"

Bi Funo akanyamaza.

"Ulimpa nani?"

Akanyamaza.

"Mama, hii ni mara ya tatu nami sitauliza ya nne. Ulimpa nani?"

Bi Funo akainamisha kichwa. "Jumbe, kama ni kunivusha, nivusheni. Naomba tu mnipe siku moja nimfungie mtoto mizigo yake."

"Mnaona?" akapiga kelele Pimbi. "Hana la kusema! Mwizi akikosa la kusema anaomba siku! Kibonge wangu yuko wapi? Bwana Mkubwa yuko wapi?"

"Bwana Mkubwa ni nani tena?" akauliza Jumbe.

"Ni njegere, Jumbe."

Kima akaanguka chini kwa kicheko. Alipomaliza kucheka akasema, "Jumbe, mbona tunasumbuka? Umande haujakauka. Nyayo zake zipo. Tuzifuate tuone alikoficha."

"Usifanye hivyo," akasema Bi Funo. Akainua kichwa chake haraka. "Bwana Pimbi, jirani yangu, nakuomba. Waache wanivushe. Zisifuatwe nyayo."

"Zifuatwe!" akasema Pimbi. "Zifuatwe mpaka mwisho wake!"

Basi zikafuatwa. Wengine walibaki, maana mteremko ule ni mkali. Walioshuka walikuwa wachache: Jumbe, Kima, wazee wawili, Bi Funo, na Pimbi akiwa mbele. Nyayo zikatoka wigoni. Zikashika njia ya chemchemi. Zikapita mahali penye ndizi. Zikafika penye mwamba mdogo. Hapo zikaingia uani.

Pimbi alizitazama zile nyayo, akataka kurudi nyuma. Lakini alikuwa mbele, na walio nyuma walikuwa wakija.

Mama yake alikuwa ameketi juani mbele ya mlango. Mapajani alikuwa na jani la mgomba, na juu ya jani njegere mbili, mbichi, zenye umande. Mama alikuwa akitafuna polepole, upande wenye meno.

"Shikamoo, mama," wakasema wote.

"Marahaba, marahaba wanangu. Ni Jumbe huyo? Na wazee? Na mwanangu!" Uso wake ukafunguka. "Mmekuja na mwanangu! Karibuni. Sina viti, lakini ninacho cha kuwaonyesha. Tazameni. Tazameni malimbuko yangu."

Wote wakatazama.

"Mwanangu huniletea kila siku," mama akaendelea. "Ana kazi nyingi, hafiki mwenyewe, lakini hutuma. Humtuma Bi Funo. Siku ya kwanza alinipa moja, nono hivi, nikailia ndani ya nyumba nikalia machozi, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kusema maneno mabaya juu yake. Ganda lake ni tamu. Mtu akiwa na meno mawili anaambiwa ale uji. Mimi nakula njegere! Nimewaambia wote wapitao kwenda chemchemini: mama wa Pimbi hajazikwa."

Kisha akanyoosha mkono wake uliokonda. "Njoo hapa, mwanangu, nikubariki mbele ya Jumbe."

Pimbi akasogea. Angekataa vipi? Akainama. Mama akamwekea mkono kichwani.

"Ulichokipanda kiote. Ulichokishika kisikuponyoke. Na watoto wako wakutendee wewe kama ulivyonitendea mimi."

Wenzangu mnaosikiliza, muwe mmewahi kupigwa, muwe mmewahi kutukanwa. Hakuna kati yenu aliyewahi kuchapwa kama Pimbi alivyochapwa na baraka ile.

Jumbe Hondohondo akamtazama Bi Funo. Akamtazama Pimbi. Akasema polepole, "Bwana Pimbi. Kumbe ulimtuma wewe mwenyewe?"

Pimbi akafungua kinywa. Akisema "Ndiyo," ni uongo mbele ya baraza. Akisema "Hapana," anamzika mama yake akiwa hai, mbele ya jani lake la mgomba.

Ndipo Bi Funo akasema:

"Alinituma, Jumbe. Amesahau. Ana kazi nyingi."

"Amesahau!" Kima akacheka mpaka akashika mti. "Amejiibia mwenyewe, akajilindia mwenyewe, akaniamsha mimi nimkamate! Bwana mkubwa, safari ijayo niite nilinde akili yako!"

Wazee wakacheka. Jumbe naye akacheka kidogo. Wakaona jambo limekwisha. Wakapanda mlima wakimpiga Pimbi mabegani, wakimwita mtoto mwema mwenye kusahau.

Pimbi alirudi bustanini peke yake. Hapo ndipo alipoona. Upande wake wa wigo, ule aliouchunga, ule alioimbia, ulikuwa umekauka. Majani yalikuwa manjano, maganda yalikuwa meupe na magumu, ukiyatafuna ni kama kutafuna ukindu. Mmea ulikuwa umesema, "Mimi kazi yangu imekwisha." Lakini upande wa Bi Funo, pale pua nyekundu ilipokuwa ikichuma kila asubuhi, wigo ulikuwa wa kijani kutoka chini hadi juu, na maua mapya meupe yalikuwa yanafunguka.

Akachuma kutoka upande ule. Akachuma kwa mkono wake, akatia kikapuni, akashuka mchana kweupe. Akafika kwa mama yake.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea."

"Marahaba." Mama akapokea kikapu, akakiweka kando. Hakukifungua. "Leo umekuja mwenyewe."

"Nimekuja mwenyewe. Mama, nina neno."

"Huna haja ya kulisema kwangu, mwanangu. Nililijua tangu siku ya kwanza."

Pimbi akanyanyua macho. "Ulijua?"

"Mimi nimekuzaa. Mkono wako naujua. Wewe tangu utotoni hujawahi kumpa mtu kitu kikiwa bado chema. Nilipoziona zimenona vile, zina umande, nikajua hizi hazijatoka kwako."

"Na baraka ile mbele ya Jumbe?"

"Ulitaka nifanye nini? Nikuaibishe?" Mama akafuta macho yake kwa kanga. "Nenda, mwanangu. Mimi umeshanilipa kwa kushuka. Nenda kwa yule uliyempigia kelele."

Pimbi akapanda mlima. Akamkuta Bi Funo uani kwake, anamchana mtoto manyoya. Pimbi akasimama mlangoni, hakuingia.

"Bi Funo. Nimekuletea njegere. Wigo wote ni wako. Chuma utakavyo."

"Ahsante, jirani. Sitaki njegere."

"Unataka nini? Sema, nitakupa."

Bi Funo akamtazama. "Ulipoita mwizi, uliita wapi?"

"Juu ya mwamba."

"Waliosikia ni wangapi?"

"Mlima wote."

"Na tulipokuwa kwa mama, waliosikia ni wangapi?"

Pimbi akazitazama njegere alizozileta.

"Wachache," akasema Bi Funo. "Na tena walisikia uongo wangu, hawakusikia ukweli. Ng'ambo ya bonde mimi ni mwizi mpaka leo. Mwanangu hachezi na mtu. Sitaki njegere, jirani. Nataka upande pale pale ulipopanda, uite kwa sauti ile ile, useme, 'Mimi nilimnyima mama yangu, na Bi Funo si mwizi.' Ni maneno machache. Yaseme, nasi tutaendelea kukaa."

"Nitayasema," akasema Pimbi. "Wallahi nitayasema kesho."

Kesho yake, jua lilipopanda, Pimbi akapanda mwambani. Akajaza kifua. Akaita, "Mimi—!" Mlima wote ukageuka kumtazama. Akaona macho yale. Akatumbukia ndani ya ufa wa mwamba, akajificha.

Siku ya pili akapanda. Akaita, "Mimi ni—!" Akaona macho. Akajificha.

Siku ya tatu akaapa hatarudi nyuma. Akapanda. Akaita, "Mimi nilim—!" Chini kabisa, penye mwamba mdogo, akamwona mama yake ameinua uso, anasikiliza. Na wigoni akamwona Bi Funo amesimama na mtoto wake, naye anasikiliza. Neno likafika kooni. Likageuka kuwa mlio tu, mlio mkali usio na maana. Akatumbukia ufani.

Bi Funo alingoja siku hiyo. Akangoja mpaka njegere za upande wake zikaisha maua. Kisha akafunga mizigo ya mtoto, akaingia msituni, mle mnene kabisa, mahali pasipo na jirani. Hakufukuzwa na mtu, na mto hakuvushwa. Alihama kwa kuchoka kungoja.

Siku ya baraza la mwaka, Jumbe Hondohondo alipokuja kutembelea bustani za mlima, alipita ya Pimbi, akaona fito na majani makavu. Akauliza, "Na jirani yako yuko wapi?" Pimbi akawa ameshajificha.

Mama yake alikufa mwaka uliofuata. Alikufa akijulikana kuwa mama aliyeletewa malimbuko kila siku.

Ndiyo maana mpaka leo, ukipita penye miamba asubuhi, utamwona pimbi ametoka, amesimama juu ya jiwe, anatazama bonde kama mwenye neno. Atapiga mlio mmoja. Ukimtazama tu, atatumbukia ufani. Na ndiyo maana funo hukaa msitu mnene, peke yake, na akisikia sauti ya yeyote hukimbia. Wasiojua husema ni mwoga. Sasa ninyi mnajua.

Funzo lake ni hili, nami naliweka wazi ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Mzazi hapewi masalio. Jema usilolitenda, ukisifiwa kwalo, litakuuma kuliko baya ulilokamatwa nalo. Na kosa lako liungame lingali changa. Njegere changa huliwa na ganda lake, hata na mwenye meno mawili. Ukiiacha ikakomaa, hakuna jino litakaloiweza.

Hapo ndipo ilipokatika. Mimi niliikuta hivyo, sikuongeza punje wala sikupunguza. Aliyeshiba anyanyuke, na aliye na neno la kumwambia mwenzake, asilale nalo.